Kupunguza uzito huku ugali ukibaki mezani: mwongozo kamili wa kuanza na kudumu

Wengi wanaoamua kupunguza uzito huanza Jumatatu, tena kwa pupa. Siku hiyo hiyo wanaacha ugali, wali, chapati na sukari, na kesho yake wako barabarani alfajiri wanakimbia. Wiki ya kwanza mizani inashuka kilo tatu na furaha inajaa. Wiki ya tatu magoti yanauma, nyumbani pamepikwa pilau, na kila kitu kinaachwa kwa mkupuo. Kilo zile zinarudi upesi kwa sababu sehemu kubwa yake haikuwa mafuta. Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji mengi, na ukikata wanga ghafla akiba hiyo hutumika, maji yake yakatoka. Mafuta yenyewe huondoka taratibu.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa mjini, Dar es Salaam au mji unaofanana nao, anayekaa ofisini au dukani kutwa, anayekula kwa mama ntilie mchana na nyumbani usiku. Kila badiliko unalotaka kulianza lipime kwa swali hili: je, nitaliweza mwezi wenye msiba, mwezi wa Ramadhani na Januari ya ada za shule? Kama huliwezi, usilianze. Tafuta dogo kuliko hilo.

Hatua ya kwanza: jipime, na ujue kama unahitaji daktari kwanza

Kabla ya kubadili chochote, pima vitu vinne: uzito, kiuno, presha na sukari ya damu. Presha na sukari zinapimwa kituo chochote cha afya. Uzito upime asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, kwa mizani ile ile kila mara.

Kiuno nakisisitiza kuliko uzito, kwa sababu mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo ndiyo yanayoenda sambamba zaidi na kisukari, presha na maradhi ya moyo. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo, kisha soma. Kwa vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kikizidi 102 na 88. Ukitaka kipimo rahisi cha kukumbuka, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 168 ajitahidi kubaki chini ya 84.

Wapo wasiopaswa kuanza bila kuzungumza na daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi akipunguza chakula bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Anayetumia dawa za presha anaweza kuhitaji dozi ndogo uzito ukishapungua. Mjamzito asifanye mpango wa kupunguza uzito, na anayenyonyesha apate ushauri wa kliniki. Mwenye maumivu ya kifua au anayehema sana akipanda ngazi chache aonwe na daktari kabla ya zoezi lolote. Na kama unapungua bila kukusudia, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali, hata kama nguo zinakukaa vizuri.

Sasa weka lengo, tena liwe dogo. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako kunatosha kuleta nafuu inayopimika kwenye presha na sukari. Kwa mwenye kilo 92, hiyo ni kati ya kilo 4.6 na 9.2. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kwa watu wengi nusu kilo ni mwendo mzuri sana. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza kalori 500 kila siku, kwa wiki umefikisha 3,500, karibu nusu kilo. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia maji na misuli yako mwenyewe.

Hatua ya pili: wiki moja ya daftari

Kwa siku saba usibadili kitu. Andika kila kinachoingia mdomoni na saa yake: chai na idadi ya vijiko, andazi la saa nne, karanga za kwenye foleni, tonge mbili ulizomalizia kwenye sahani ya mtoto. Andika pia dakika ulizotembea. Usijihukumu, na usimwonyeshe mtu kama hutaki.

Daftari hili ndilo litakalokuonyesha uanze wapi. Kuna anayekula kiasi cha kawaida kabisa mezani lakini anakunywa sukari siku nzima. Mwingine hanywi soda, ila usiku anakula sahani mbili kwa sababu mchana alishinda na chai tupu. Watu hawa wawili hawawezi kupewa dawa moja.

Hatua ya tatu: anza na vinywaji

Badiliko la kwanza liwe kwenye kikombe, kwa sababu sukari ya kunywa haishibishi na kuipunguza hakuleti njaa. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, na cha kujaa kinazidi hapo. Mtu wa vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, amekunywa gramu 36. Akiongeza soda ya nusu lita mchana, nyingine kama 50. Jumla gramu 86, wakati pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 50 kwa mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku, na ikiwezekana 25.

Soda iache kabisa katika siku za kawaida, ibaki ya sherehe. Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kila wiki, kwa maana ulimi huzoea ukipewa muda. Weka tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai ili chai isikose ladha. Juisi ya miwa na juisi za matunda zihesabu kama soda, hata zikikamuliwa mbele yako. Chungwa lile kwa kulitafuna, ambapo nyuzinyuzi zake zinakushibisha. Wanaokunywa pombe wajue kwamba bia ya nusu lita ina kalori zinazokaribia 200, na kwamba ikifika ya pili ndipo mtu huagiza sahani ya chipsi ambayo hakuipanga.

Baki kwenye hatua hii wiki mbili nzima kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya nne: dumu la mafuta

Hapa ndipo ninapoomba mpishi wa nyumba ashirikishwe. Wengi tunalaumu ugali, lakini kalori zilizojificha ziko kwenye mafuta yanayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni. Familia ya watu wanne inayomaliza lita 5 kwa mwezi, kila mmoja anapata karibu vijiko vitatu kwa siku, zaidi ya kalori 300, na hapo hatujahesabu vitumbua vya barabarani.

Fanya hivi: andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kufungua dumu. Mafuta yasimiminwe tena, yapimwe kwa kijiko. Kama lita 5 zilikuwa zinakwisha kwa siku 30, lengo la kwanza ni zifike siku 45. Nyumba nzima inanufaika, pesa inabaki, na hakuna anayeambiwa yuko kwenye mlo maalumu.

Vitunguu vinaiva vizuri kwa kijiko kimoja na maji kidogo sufuria ikifunikwa. Samaki wa mchemsho wenye ndimu, nyanya na bamia ni chakula kamili. Tui la nazi halina haja ya kuondoka mezani. Tumia tui jepesi kwa kuchemshia, na tui zito liingie kidogo mwishoni, badala ya kulijaza kwenye wali na kwenye maharage na kwenye kisamvu kwa siku moja. Chapati za mafuta ziwe za siku moja kwa wiki. Chipsi mayai ziwe nadra, kwani viazi na mayai vyote viwili vimebeba mafuta, na sahani ile huwa haina mboga zaidi ya kachumbari ya kupambia.

Hatua ya tano: panga sahani

Igawe sahani kwa macho. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia, kachumbari. Robo iwe wanga, robo nyingine iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama. Ugali wa robo hiyo ni kama ukubwa wa ngumi yako. Mwenye kazi ya nguvu anaongeza, mwenye kazi ya kukaa haongezi.

Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina nyuzinyuzi zaidi na hukaa tumboni muda mrefu, lakini usidanganyike, kalori zake hazipishani sana na za sembe. Ukila mlima wa dona utanenepa vilevile. Jambo linaloharibu sahani nyingi zaidi ni kurundika wanga juu ya wanga: wali, viazi na chapati pamoja, au ndizi za kupika na ugali pembeni. Chagua mmoja kwa mlo mmoja.

Kundi la maharage na dagaa usilipunguze. Unapopungua uzito, mwili hupoteza mafuta na misuli pia, na chakula hiki pamoja na mazoezi ndivyo vinavyolinda misuli. Isitoshe, kinashibisha. Asubuhi yenye mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha na chai ya sukari kidogo itakufikisha mchana. Asubuhi ya maandazi matatu itakurudisha kwa muuza maandazi saa nne.

Kwa mama ntilie zungumza kabla hajapakua: "Mama, naomba wali nusu, maharage na mboga uniongezee." Bei ikibaki ile ile usinung'unike. Baada ya siku chache atakuwa anakuwekea bila kuambiwa.

Sinia ni mtihani mkubwa zaidi. Mnapokula pamoja, huoni umekula kiasi gani, na mwenye kula polepole anajikuta anaharakisha asibaki nyuma. Sikushauri ujitenge na wenzako, kwani kula pamoja ni mapenzi. Omba mboga na kachumbari ziwe nyingi kwenye sinia, anza na upande huo, punguza ukubwa wa tonge, na ukishiba nawa mikono. Ukishanawa, maneno ya "ongeza kidogo" huisha yenyewe.

Karanga, korosho na parachichi ni vyakula vizuri mno, ila vina nguvu nyingi. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Kiganja kimoja kinatosha, na pakiti ibaki jikoni, mbali na televisheni.

Wakati wa Ramadhani wengi huongezeka, jambo linaloshangaza mpaka uitazame futari: sambusa, bagia, kaimati, tambi za sukari, magimbi ya nazi na uji mtamu, vyote kabla ya isha. Fungua kwa tende na maji, kunywa uji usio na sukari nyingi, chagua kimoja tu kati ya vilivyokaangwa, kisha ule chakula chako cha kawaida. Daku usiiruke, na iwe na maharage au mayai ndani yake. Kutembea kwenda na kurudi msikitini kwa tarawehe kunaingia kwenye hesabu ya mazoezi.

Hatua ya sita: mwili utembee

Nimeyaweka mazoezi baada ya chakula kwa makusudi. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka nusu saa anatumia kalori zisizofika 200, ambazo soda moja inazirudisha kwa dakika tano. Kwa hiyo usifanye mazoezi ili ulipe deni la chipsi. Yafanye kwa sababu yanalinda misuli, yanashusha presha na sukari, yanaleta usingizi mzuri, na zaidi ya yote yanazuia kilo zilizotoka zisirudi.

Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Usianzie hapo. Wiki mbili za kwanza tembea dakika 10 hadi 15, siku tano. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 20. Wiki ya tano na ya sita, 25. Kuanzia wiki ya saba, 30, na hapo umefika 150. Mwendo wa wastani utaujua hivi: unaweza kuongea na mwenzako, lakini huwezi kuimba.

Ukikosa nusu saa nzima, igawe. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, acha bodaboda kwa safari za karibu, panda ngazi badala ya lifti. Dar es Salaam joto halina huruma, basi tembea alfajiri kukishapambazuka au jioni, na ubebe maji. Dada anayehofia njia yenye giza atafute jirani wa kutembea naye. Huyo jirani atakusaidia pia siku unayojisikia mvivu. Vaa raba zinazokukaa vizuri, si ndala.

Kukimbia kusubiri. Vikundi vya jogging vya Jumamosi, vyenye fulana za rangi moja na nyimbo, vinatia moyo kweli kweli, na vimezidi kupata nguvu tangu 2016, pale Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Jiunge navyo, lakini kaa nyuma na wanaotembea mpaka magoti yazoee. Mwenye uzito mkubwa akianza na kilomita tano za lami, kinachofuata ni bandeji.

Kwa nguvu huhitaji jimu. Siku mbili kwa wiki, dakika 20, sebuleni:

- Kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara 10.
- Pushapu za ukutani, mara 10. Ukizoea, hamia kwenye ukingo wa meza imara.
- Dumu la maji la lita 5, ambalo ni kilo 5, liinue kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka na magoti yakikunjwa, mara 10.
- Lala chali magoti juu, inua nyonga, shusha polepole, mara 10.
- Jiegemeze kwa viwiko na magoti, mwili umenyooka, sekunde 15.

Pumzika dakika mbili na urudie. Mwezi wa pili fanya mizunguko mitatu. Uchovu wa misuli siku inayofuata ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, kizunguzungu au kifua kubana si kawaida, acha na umwone daktari.

Usivyopaswa kununua

Hakuna zoezi la tumbo linalochoma mafuta ya tumbo peke yake. Mwili huyatoa kila mahali kwa mpangilio wake, na kitambi hupungua pamoja na vingine. Mkanda wa kubana na fulana ya plastiki hutoa jasho, na glasi mbili za maji hulirudisha. Maji ya moto yenye limao hayayeyushi chochote, ingawa ni kinywaji kizuri kuliko soda.

Chai nyingi za kupunguza uzito zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Tumbo huonekana dogo kwa sababu utumbo umemwagwa, mafuta yako pale pale. Na vidonge visivyo na maelezo ndivyo vya kuogopa zaidi. Sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Mwenye presha akimeza kitu kama hicho anacheza na uhai wake.

Watu watakavyosema

Jiandae, kwa maana kwetu mwili mkubwa bado husomwa kama raha, na kupungua husomwa kama ugonjwa au ndoa yenye shida. Utaulizwa, "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Wapo walioacha mpango mzima kwa sababu ya swali hilo moja. Jibu la kweli na fupi linatosha: "Naangalia presha yangu, shangazi." Watu wa kwenu waambie mapema, hasa anayepika, ili sahani ndogo isionekane ni dharau kwa mkono wake.

Harusini na msibani kula kilichopo, sahani moja, na kesho yake endelea na utaratibu wako. Usishinde njaa siku inayofuata ili kufidia, maana njaa hiyo ndiyo inayoleta sahani mbili usiku. Na lala. Anayelala kwa muda wa saa tano tu kila usiku hupata hamu kubwa zaidi ya wanga na sukari, akidhani ni udhaifu wa nia.

Mizani ikigoma

Uzito hupanda na kushuka hata kilo moja au mbili kwa siku chache kwa sababu ya maji, chumvi, choo, au hedhi kwa wanawake. Pima mara moja kwa wiki na utazame mwelekeo wa wiki nne. Ukikwama mwezi mzima, kwanza rudi kwenye daftari siku saba, kwa kuwa mara nyingi vijiko na matonge yamerudi kimyakimya. Kama daftari ni safi, basi mwili umekuwa mdogo na unatumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, na hilo ni la kawaida kabisa. Ongeza dakika 10 za kutembea au punguza wanga kidogo kwenye mlo wa usiku, kimoja wapo. Pima na kiuno pia. Mara nyingi mizani imesimama lakini mkanda wa suruali umeingia tundu jingine.

Ukifika lengo, usisherehekee kwa kurudi ulikotoka. Kaa kwenye uzito huo miezi mitatu, ukiongeza chakula kidogo kidogo mpaka mizani itulie, kabla ya kufikiria kushuka tena. Endelea kupima kila wiki, na jiwekee mpaka wa kilo mbili. Siku mizani itakapovuka mpaka huo na kubaki huko wiki mbili, toa daftari na uandike siku saba bila kubadili kitu.